Jasho la Ziwani, Baridi ya Mlimani

Kipupwe kwa watu wa visiwani ni neema. Masika yakishapita na kusi likakamata, usiku wa Juni na Julai hupoa, feni huzimwa, na shuka iliyokuwa imekunjwa miguuni mwa kitanda huvutwa hadi mabegani. Baridi ya pwani huishia hapo. Lugha yenyewe ni shahidi: Kiswahili kina majina tele ya nguo za kujisitiri, za kujipamba na za kuendea ibadani, lakini nguo za kuhifadhi joto la mwili aghalabu zimekuja na majina ya kukopa, kama vile sweta, koti, jaketi na glavu.

Hata hivyo, upepo huohuo wa kusini-mashariki unaowapa watu wa Unguja na Pemba usingizi mwema haubaki na tabia ile ukishaingia bara. Katika Ziwa Nyasa wavuvi huuita mwera, nao huweza kulichafua ziwa siku kadhaa mfululizo. Katika milima ya Umatengo, mkoani Ruvuma, huandamana na ukungu na manyunyu, na alfajiri kipimajoto huweza kushuka hadi karibu na nyuzi 10 za Selsiasi. Katika vijiji vya juu, kama Litembo na Maguu, mtu huamka akaiona pumzi yake mwenyewe. Na huo ndio wakati wa kuchuma kahawa, kwa hiyo hakuna wa kukaa jikoni akaota moto mchana kutwa. Wachumaji wako mashambani, na madereva wa pikipiki wako barabarani.

Mbinga na Nyasa zilikuwa wilaya moja. Nyasa ilimegwa mwaka 2012, na kwa ujumla mgawanyo huo uliuacha mlima upande mmoja na ufukwe upande wa pili. Juu wako Wamatengo, wakulima wa kahawa, mahindi na maharage. Chini wako Wanyasa, wavuvi na wakulima wa muhogo, ambao makao makuu ya wilaya yao ni Mbamba Bay. Uso wa ziwa uko mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali migongo ya Umatengo hukaribia mita 2,000. Kanuni ya jumla ni kwamba joto hupungua kwa nyuzi 6 na nusu hivi kila mtu anapopanda mita 1,000. Maana yake ni kwamba baina ya ufukwe na mgongo wa mlima pana tofauti ya nyuzi tisa au zaidi, saa ileile na siku ileile, na kinachounganisha hali hizo mbili ni barabara ya kilomita 66 tu.

Barabara hiyo sasa ina lami. Zamani ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na dereva aliishuka kwa tahadhari, kona baada ya kona. Lami imeifupisha safari na kuwapunguzia watu adha nyingi. Lakini imeleta jambo ambalo hakuna aliyelihesabu wakati wa kuijenga. Imeongeza mwendo, na mwendo ni upepo. Kwa mujibu wa kanuni iliyoanza kutumiwa na wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani na Kanada mwaka 2001, hewa ya nyuzi 10, mtu akiipasua kwa kilomita 60 kwa saa, huihisisha ngozi iliyo wazi kana kwamba ni nyuzi 5. Mwenda kwa miguu huvaa kwa ajili ya baridi iliyopo. Dereva wa pikipiki hana budi kuvaa kwa ajili ya baridi anayoitengeneza mwenyewe.

Tangu Serikali ilipotunga kanuni za leseni za pikipiki za abiria mwaka 2010, kazi ya bodaboda imekuwa kimbilio la vijana wengi wa wilaya hizi. Kijana anayehusika na habari hii ni mmoja wao. Wazazi wake ni wakulima wa kahawa; yeye alichukua pikipiki ya mkataba, kila jioni akawa anapeleka hesabu kwa tajiri, akitumaini kwamba siku itafika chombo kiwe chake. Asubuhi huteremsha abiria hadi Mbamba Bay. Jioni hupandisha abiria mwingine, au mzigo wa usipa mkavu wa kuuzwa Mbinga.

Mavazi yake yalikuwa mavazi ya wenzake wote. Jaketi zito alilivaa kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usipate mlango kifuani. Chini ya jaketi kulikuwa na sweta, na chini ya sweta fulana ya pamba. Siku za baridi kali aliongeza kipande cha boksi kifuani. Wakubwa wake katika kazi waliwahi kutumia mifuko ya plastiki, ile iliyoitwa rambo, wakaivaa baina ya shati na jaketi. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, Zanzibar ikiwa imekwisha kutangulia. Wengine walikuwa na dawa nyingine mfukoni: pombe kali ya viroba, nayo ikapigwa marufuku mwaka 2017. Waliokunywa walidai kwamba huona joto, na hawakusema uongo, waliliona kweli. Pombe hulitoa joto tumboni na kifuani, ikalisukuma hadi kwenye ngozi, na ngozi ikalimwaga njiani. Mnywaji huona joto kwa sababu joto linamtoka.

Jioni moja ya Julai kijana huyo alikuwa anapanda mlima akiwa na mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni kwa khanga. Jua lilikwisha kuzama na ukungu umeteremka. Kwenye kona kali alitaka kushika klachi abadili gia. Vidole vya mkono wa kushoto havikutii. Aliviona vimekaa juu ya klachi, lakini havikufumba. Pikipiki ikazima katikati ya kona, ikaanza kurudi nyuma, ikalala mtaroni. Hakuna aliyeumia. Mama alijifuta tope, akafungua khanga, akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa amelala, na mashavu yake yalikuwa na moto kama mkate uliotoka tanuruni. Dereva alipoigusa mikono yake mwenyewe, aliona kana kwamba anagusa mikono ya mtu mwingine.

Kilichomsumbua baadaye kilikuwa swali. Glavu alikuwa nazo. Jaketi lake lilikuwa zito kuliko la mwenzake yeyote wa kijiweni. Kwa nini basi vidole vilikufa?

Jibu haliko vidoleni. Mwili wa binadamu unapohofia kupoteza joto la kifua na tumbo, hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni, kama mwenye nyumba anayefunga vyumba vya uani ili kuni chache zitoshe chumba kimoja. Moyo, mapafu na ini hulindwa, vidole huachwa. Glavu haina joto lake. Huhifadhi lile linaloletwa na damu, na damu isipofika glavu huwa imefunika kitu kilichokwisha kupoa. Hivyo mkono wa dereva hupashwa moto kutoka kifuani, na anayetaka klachi ishikike aanze kukiuliza kifua chake kimevaa nini.

Na kifua cha kijana huyo kilikuwa kimevaa maji. Mchana ule alikaa Mbamba Bay saa nne nzima. Alishusha mzigo, akabeba magunia, akasubiri abiria chini ya mwembe, na jaketi hakulivua kwa kuogopa kuibiwa. Alitoka jasho kama mtu yeyote aliyevaa nguo za mlimani ufukweni mwa ziwa. Fulana ya pamba ikalinywa jasho hilo lote, ikatulia nalo. Alipoanza kupanda saa kumi na moja jioni hakuhisi kitu, kwani maji yalikuwa bado na joto lake. Kadiri alivyopanda, maji yakapoa, yakaanza kumnyonya. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Juu ya fulana ile palikuwa na sweta na jaketi, lakini vilikuwa vinahifadhi ubaridi. Baridi iliyomkuta mlimani alikuwa amepanda nayo kutoka ziwani.

Hili ndilo ambalo wengi hawalizingatii wanapochagua nguo za safari. Macho hutazama jaketi, kwa kuwa jaketi ndilo linaloonekana, na ndilo ambalo wenzake humsifia mtu. Lakini nguo inayogusana na ngozi ndiyo inayoamua kama zile za juu yake zitafanya kazi au la. Kazi yake ya kwanza ni kuiacha ngozi kavu, na kwa kazi hiyo nyuzi hazilingani. Pamba, rafiki wa watu wa nchi za joto, hupendwa kwa sababu hulinywa jasho na kukawia kukauka; ubora wake wa Mbamba Bay ndio ubaya wake wa Mbinga. Poliesta karibu hainywi maji kabisa. Jasho hupita baina ya nyuzi zake, likasambaa upande wa nje na kukauka upesi, ingawa nguo yenyewe huanza kunuka baada ya siku moja. Sufu ina ajabu yake. Huweza kuficha unyevu ufikao karibu theluthi moja ya uzito wake ndani ya nyuzi, na mvaaji asihisi kwamba amelowa, tena hainuki upesi. Aibu yake ni kuwasha, khasa ikiwa nene. Wanazuoni wengi husema kwamba Masufi walipata jina lao kutokana na sufu waliyoivaa kwa kuinyima nafsi starehe. Lakini sufu ya kondoo wa merino, ambao manyoya yao ni membamba sana, haimtesi mtu. Huvalika juu ya ngozi siku nzima.

Mahali pa kuipata nguo kama hiyo Mbinga ni mitumba. Marobota hufunguliwa, nguo zilizoachwa na watu wa Ujerumani, Norway na Kanada humwagwa juu ya turubai, na msimu wa theluji wa nchi za mbali ukakutana na kipupwe cha Umatengo. Wauzaji huzipanga kwa jinsi zinavyotakiwa. Majaketi hutundikwa mbele. Nguo nyembamba za mikono mirefu hutupwa chini, kwenye fungu la bei rahisi, kwa kuwa watu huzidhania za kulalia. Hapo ndipo kijana alipokwenda asubuhi ya pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jaketi zuri limeingia jana, njoo ulione."

"Jaketi ninalo, mama. Natafuta fulana ya ndani, ya mikono mirefu. Isiwe ya pamba."

Mama akamtazama. "Wenzako wote huniuliza pamba."

"Pamba ikilowa hainikaukii. Jana nusura nimuue mtoto wa watu."

Mama hakuuliza zaidi. Alipiga magoti kwenye fungu, akaanza kuchambua kwa vidole, si kwa macho. Kibandiko cha shingoni kilipokuwapo alikionyesha tu. Hakujua Kijerumani wala Kifaransa, lakini miaka ya biashara ilimfundisha kwamba palipoandikwa Wolle, laine au lana bei hupanda. Kibandiko kilipokuwa kimekatwa, alichomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuuwasha kwa kiberiti. Uzi wa kwanza uliwaka kama karatasi, ukaacha jivu jepesi. "Pamba," akasema, akautupa. Wa pili ulijikunja na kuyeyuka, ukawa tone gumu jeusi. "Hii ni ya plastiki, kama jezi." Wa tatu uliungua kwa shida, ukatoa harufu ya nywele zilizoungua, na kilichobaki kikasagika vidoleni. Mama akatabasamu. "Hii ni kondoo. Sufu tupu. Lakini ni ya kike."

Kweli ilikuwa ya kike. Nyeusi, nyepesi, yenye urembo mdogo wa maua shingoni. Kijana aligeuka kutazama kama wenzake wa kijiweni wapo karibu.

"Nani atakuvua jaketi barabarani ili akutazame shingo?" mama akasema. "Baridi haiulizi nguo ni ya nani."

"Kiasi gani?"

"Elfu tano."

"Mama nipunguzie, hesabu ya tajiri bado sijaifikisha."

"Lete elfu nne. Na ukiifua usitie maji ya moto, itakuwa ya mwanao."

Nasaha ya mama huyo ni ya kweli kabisa, kwani sufu ikichemshwa na kusuguliwa hushikamana na kusinyaa. Na kusita kwa kijana si jambo la kuchekwa. Taiti na fulana za kike ndizo nyingi zaidi katika marobota, ndizo zinazobana mwili vizuri, na ndizo za bei nafuu. Lakini dereva wa bodaboda huishi kijiweni, na kijiweni utani hauna huruma. Wako waliopata ajali kwa sababu ya gurudumu bovu, wako waliopata kwa sababu ya mshikaki, yaani abiria wawili au watatu waliopangwa juu ya kiti kimoja. Na bila shaka wako waliopata kwa sababu waliona haya kuvaa nguo ambayo isingeonekana na mtu.

Nguo ikishapatikana lipo jambo la pili, nalo ni hewa. Nguo haitengenezi joto. Mwili ndio unaolitengeneza, na blanketi halisi ni hewa iliyotulia baina ya nguo na nguo. Ndiyo maana fulana ya ndani yapasa kushika mwili bila kuubana, kwani ikibana mno huzuia damu. Na ndiyo maana anayejaza sweta tatu chini ya jaketi dogo hupata baridi kuliko mwenye sweta moja, kwa kuwa ameikamua hewa yote ikatoka. Mwaka 1933 ofisa mmoja wa jeshi wa Norway, Henrik Brun, aliitengeneza fulana ya ndani kutokana na nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Fulana yenye matundu, kwa nchi ya barafu! Lakini kila tundu lilikuwa chumba kidogo cha hewa, na shati lililovaliwa juu yake liliweka mlango. Jasho nalo lilipata pa kupitia. Mvuvi wa Mbamba Bay angeicheka habari hii kwanza, kisha angeutazama wavu wake kwa jicho jingine.

Mmatengo asingecheka. Kwao kilimo cha ngoro ni urithi wa mababu. Majani hukatwa na kupangwa katika mistari inayokatana hata mteremko ukawa miraba. Udongo wa katikati ya mraba huchimbwa na kufukiwa juu ya majani. Hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua inapokuja haikimbilii bondeni na udongo. Hutulia shimoni, ikanywewa polepole, na mlima ukabaki mahali pake. Anayejua kwamba maji hushindwa kwa kutulizwa hatapata taabu kuelewa kwamba na upepo hushindwa hivyohivyo.

Kwa asiyepata sufu, ipo njia nyingine, na aghalabu iko nyumbani tayari. Jezi ya mpira, iwe ya Simba au ya Yanga, kwa kawaida ni poliesta. Ikivaliwa juu ya ngozi badala ya fulana ya pamba, na sweta ikafuata juu yake, dereva amekwisha kuondoa nusu ya tatizo bila kutoa senti. Nusu ya pili ni desturi. Kijana yule sasa hufika Mbamba Bay, akavua jaketi na sweta, akavifunga pamoja na kuviacha kwa mama muuza chakula anayemwamini. Fulana ya sufu huivua vilevile, akaianika juu ya usukani, akafanya kazi za mchana na fulana ya pamba, kwani ufukweni pamba ndiyo yenye haki. Jioni, kabla ya abiria kupanda, huenda nyuma ya mwembe, akajifuta jasho, akavaa ile kavu. Dakika tano hupotea. Wenzake humtania kwamba anabadilisha nguo kama bibi harusi, naye hucheka pamoja nao, kisha hufunga zipu ya jaketi.

Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na baridi ya mlima nayo aijuaye ni aliyeipanda. Lakini si haki kila kijana aijue kwa kulala mtaroni. Vyama vya bodaboda hukutana, mafunzo ya usalama hutolewa, na yanayosemwa ni ya lazima: kofia ngumu, taa, leseni, mwendo. Katika wilaya inayoanzia ukunguni na nyingine inayoishia mchangani, lingefaa kuongezwa neno moja fupi juu ya fulana kavu. Halihitaji sheria wala fedha ya mfadhili.

Abiria anayepanda nyuma hataiona nguo hiyo wala hataiuliza. Mama mwenye mtoto mgongoni atalitazama jaketi, ataitazama kofia, atapatana nauli, atapanda. Atakachokijua ni kwamba kwenye kona ya mwisho, gizani, klachi ilipotakiwa kushikwa, ilishikika.